Jalada Jepesi la Bi. Sauda

Nchi ya Subirini msiitafute kwenye ramani, mtachoka bure. Mimi mwenyewe nimesimuliwa tu, na aliyenisimulia kanisihi niseme wazi kwamba haifanani na nchi yoyote mnayoijua. Haya basi, haifanani. Ina bendera yake, ina mafuriko yake ya kila mwaka yasiyotarajiwa, na ina Wizara ya Elimu ya Juu Sana, yenye jengo la ghorofa tisa na lifti moja, ambayo ni ya Waziri.

Huko ndiko alikokuwa akiishi Bi. Sauda Mkwizu, mhadhiri msaidizi wa Chuo Kikuu cha Taifa na mtaalamu wa fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na huko Subirini huo ni umri wa kutisha. Kanuni zilisema mhadhiri msaidizi asiyepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu kabla ya kutimiza arobaini hatapata tena maishani mwake. Atavuliwa somo lake, atapewa koti la kijivu, naye atakuwa Msimamizi wa Mitihani wa Kudumu. Kazi ya watu hao ni kupita kati ya madawati, kugawa karatasi za ziada na kusindikiza wanafunzi msalani, mpaka siku ya kustaafu. Chuoni walikuwapo sita. Walitembea polepole hata wakiwa sokoni.

Baraza la Ufadhili lilikuwa likipima maombi mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Sauda alikuwa anatimiza arobaini mwezi wa nane. Kwa hiyo Machi iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake, na yeye alishaomba mara kumi na saba na kunyimwa mara kumi na saba, kila mara kwa barua ileile: "Jalada lako halikufikia uzito unaotakiwa. Endelea kuipenda nchi yako."

Hayo angeyavumilia. Kunyimwa pamoja na wenzako si jambo, mnanyimwa, mnakunywa chai, mnaisema serikali. Kilichomkaa kooni ni Elifuraha.

Elifuraha Nnko alikuwa akikaa naye ofisi moja, meza zao zikitazamana, miaka tisa sasa. Utafiti wake ulihusu utelezi wa bamia. Nawaomba msicheke, maana serikali haikucheka. Mwaka wa kwanza ilimpa fungu la kununulia bamia. Mwaka wa pili ikampeleka kwenye kongamano la utelezi ng'ambo, akarudi na begi lenye maandishi ya kongamano, na begi lile akawa analiweka mezani, upande wa maandishi ukimtazama Sauda. Mwaka wa tatu akapewa jokofu. La nne sitaki hata kulisema, ila lilikuwa na magurudumu manne na namba za serikali.

"Hongera, mdogo wangu," Sauda alikuwa akimwambia kila mara, huku meno yote yakiwa nje. "Mungu azidi kukuinua."

"Asante, Dada Sauda. Na wewe zamu yako itafika tu."

Zamu! Neno hilo lilikuwa linamchoma hadi kwenye mifupa. Alikuwa na wivu, tena si ule wa kupita. Alijua Elifuraha ana mashati mangapi. Alijua anaingia saa ngapi, anapiga miayo mara ngapi, na kwamba ukurasa wa thelathini na moja wa tasnifu yake jumla ya jedwali haikubali. Akimsikia anacheka kwenye simu, fukusi wake wote wanaweza kufa chupani asiwe na habari.

Kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu yeyote msomi wa Subirini angekifanya. Alimwandikia majungu Barazani.

Hapa niwaeleze kidogo, kwa kuwa nyinyi kwenu hamna mambo haya. Huko Subirini majungu ni barua isiyo na jina la mwandishi, huanza kwa maneno "Mimi ni raia mwema," na humalizia "chunguzeni wenyewe mtaona." Sauda alikuwa na kalamu yake maalumu ya wino wa zambarau kwa kazi hiyo. Katika miaka tisa alimwandikia Elifuraha barua arobaini na moja. Hakusingizia, hilo tumpe haki yake. Alitaja tarehe, ukurasa, mashahidi. Barua ya kumi na mbili ilikuwa na kiambatisho na marejeo. Kila akituma barua alilala usingizi wa mtoto, na kila baada ya miezi michache Elifuraha alipewa kitu kingine.

Sauda aliamini barua zinapotea njiani. Akawa anaziandika ndefu zaidi.

*

Aliponyimwa mara ya kumi na saba alipiga moyo konde, akaenda Barazani mwenyewe kuuliza huo uzito ni uzito gani.

Alimkuta mtunza majalada, Bwana Masalu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amesimama mbele ya mizani. Mizani kweli, ile ya sahani mbili wanayopimia nyanya. Sahani moja ilikuwa na jiwe la serikali. Kwenye nyingine Bwana Masalu alikuwa anaweka jalada, anatazama, anatikisa kichwa, anaweka jingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jina?"

Akamtajia. Masalu akaingia ndani, akarudi na jalada la Sauda amelibana kwa vidole viwili. Aliliweka mizanini. Sahani haikutikisika hata kidogo.

"Umeona? Pole sana."

"Lakini mzee, mimi nina barua tisa za mapendekezo humo! Kuna ya Mkuu wa Chuo!"

"Zile tunazitoa kabla ya kupima," alisema Masalu. "Tunafungia vitumbua." Akashusha sauti. "Mwanangu, una uso wa mtu mwema. Hii ni siri ya serikali, kwa hiyo usiwaambie watu zaidi ya watatu. Zamani tulikuwa tunasoma mapendekezo. Waombaji mia tisa, na wote mia tisa ni wachapakazi, waadilifu na wa kipekee kabisa. Tukaja kugundua kila mwombaji anajiandikia mwenyewe, profesa anatia saini juu ya boneti ya gari akiwa na haraka zake. Sasa tuchague vipi? Baraza likakaa vikao ishirini na mbili, na posho zake. Ndipo Mkurugenzi akaingia stoo kutafuta fagio, akaangukiwa na majungu."

"Majungu," alisema Sauda.

"Tani mbili! Akiwa amelala pale chini akisubiri msaada, akaanza kuyasoma. Akaona mambo. Mwenye kusifu hajui lolote juu ya anayemsifu. Lakini mwenye majungu! Anajua tarehe, anajua kurasa, amefuatilia miaka. Ule ndio utafiti wa kweli katika nchi hii. Na mtu hapotezi usingizi kwa ajili ya mtu asiye na kitu. Basi tangu hapo, mwombaji mwenye majungu mengi ndiye tunayempa. Tunasema huyu ana kitu, wenzake wamekiona."

Sauda alishika ukingo wa meza. "Na... langu mimi lina ngapi?"

Masalu alifungua jalada, akalifunga. "Hakuna aliyewahi kukuandikia, mwanangu. Hata moja."

Kisha uso wa mzee ukachangamka. "Kuna kijana mmoja wa bamia, huyo ana bahati! Ana mwandishi wake wa wino wa zambarau, sijapata kuona. Barua ya kumi na mbili ina marejeo! Mkurugenzi huwa anawasomea wajumbe kwa sauti, wengine wanatoa leso. Kila ikija, yule kijana tunampa kitu. Mwandishi yule akichoka, sijui bamia za nchi hii zitakuwa mgeni wa nani."

Sauda alitoka bila kuaga. Aliketi kwenye ngazi za Wizara kwa muda mrefu, watu wanampita. Kongamano, yeye. Jokofu, yeye. Gari lile, ambalo kila asubuhi lilimpita kituoni likimmwagia vumbi, alikuwa amelinunua yeye kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kulia akashindwa, akabaki anasema tu, "Lo! Lo! Lo!"

*

Ilikuwa imebaki miezi miwili kufika Machi. Sauda aliamua kuonewa wivu.

Mngedhani ni jambo rahisi. Aliazima viatu virefu vya shemeji yake na mkoba wa ngozi wenye mnyororo, akaingia navyo kwenye chumba cha chai cha wahadhiri saa nne, kipo kimejaa. Akagonga kikombe kwa kijiko.

"Ndugu zangu, mniwie radhi," alisema, na hapo alikuwa anadanganya mchana kweupe, "makala yangu ya fukusi imekubaliwa ng'ambo. Wamesema hawajapata kuona kama hiyo."

Alisubiri. Alitazama nyuso moja moja akitafuta lile jicho, ule mdomo unaobenuka kidogo, mtu mmoja tu wa kusema chinichini "anajiona." Alilijua jicho lile vizuri, alikuwa nalo mwenyewe.

Wote walipiga makofi. Walisimama! "Hongera sana, Bi. Sauda! Unastahili!" Mwingine akasema, "Tumefurahi kweli kweli." Na walikuwa wamefurahi kweli, ndio ubaya wenyewe. Nusu dakika baadaye walishaketi na kurudi kwenye mandazi, na mmoja alimwuliza kama viatu vile havimuumizi.

Hapo ndipo alipoelewa jinsi alivyo masikini. Elifuraha akikohoa tu, kuna mtu roho inamuuma. Yeye angeota mabawa akaruka juu ya paa la Chuo, wangempigia makofi na kuendelea kunywa chai. Wivu aliokuwa nao kwa Elifuraha siku zote ulikuwa wa jokofu na gari. Sasa alianza kumwonea wivu kwa sababu ana mtu wa kumwonea wivu, na mtu huyo ndiye yeye mwenyewe, na yeye je, amwendee nani?

Wiki iliyofuata alijishusha. Alimgeukia Elifuraha ofisini, kila mtu mezani pake.

"Mdogo wangu, nina shida. Nataka uniandikie barua ya kunisema vibaya."

"Astaghfiru... Dada Sauda! Kwa nini?"

"Usiniulize. Ni mambo ya kiutawala. Andika tu ubaya wangu, unaoujua."

Elifuraha, kijana mwenye roho nzuri mpaka inaudhi, alivuta karatasi. Aliandika, akakata. Akamtazama Sauda kwa makini kama anayemwona mara ya kwanza. Akatafuna kalamu. Saa nzima ilipita. Mwisho akampa karatasi akiwa na haya.

Ilisema: "Bi. Sauda ni mtu mzuri. Wakati mwingine hufungua dirisha."

"Ndiyo hii tu?"

"Nimejitahidi, dada. Haki ya Mungu nimejitahidi. Nimefikiria miaka yote tisa, hakuna kinachonijia." Alikuna kichwa. "Samahani nikuulize, wewe hasa unatafiti nini?"

Sauda aliikunja karatasi mara nne. Miaka tisa! Yeye anajua mashati ya mwenzake, anajua miayo yake, na mwenzake hajui hata fukusi! Chuki iliyompanda siku hiyo ilikuwa mpya kabisa, na iliuma kuliko zote zilizotangulia. Alifungua dirisha kwa kishindo, labda hilo angalau litaingia kwenye kumbukumbu.

*

Zikabaki siku tatu. Sauda alijifungia ofisini wakati wa chakula cha mchana, akachukua kalamu ya zambarau, maana mkono wake ulikuwa haujui kusema ubaya kwa wino mwingine, akaanza kujiandikia majungu mwenyewe.

"Mimi ni raia mwema," aliandika. Akakwama. Uongo hakuuzoea, na Baraza lilitaka tarehe na ushahidi. Ubaya wake ni upi hasa? Hachelewi. Haibi mitihani. Ubaya aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, na huo aliujua ndani nje.

Basi akauandika. Kurasa kumi na nne. Kwamba huyu Sauda Mkwizu ana kijicho kilichomla mpaka kazi yake imekufa. Kwamba yeye ndiye mwandishi wa barua arobaini na moja dhidi ya mwenzake anayemwita mdogo wangu, tarehe zote zimeorodheshwa. Kwamba siku Elifuraha alipopewa gari alishinda msalani analia, akasingizia tumbo. Kwamba anamjua Elifuraha kuliko anavyomjua mama yake mzazi, na kwamba kama angewatazama fukusi kwa jicho lile angeshakuwa profesa. Wakati anaandika hayo machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua kama ni ya toba au ya furaha, kwa sababu barua ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko hata ile ya kumi na mbili. "Chunguzeni wenyewe mtaona," akamalizia, akaipeleka Barazani kwa miguu yake.

Mpimo wa Machi ukafika. Majibu yakabandikwa ukutani kwa Bwana Masalu, na Sauda akasogea kusoma. Ufadhili mkuu wa mwaka, miaka minne ng'ambo, pamoja na familia na mzigo: Ndugu Elifuraha Nnko.

"Mzee!" Alimvamia Masalu dirishani. "Na ile barua yangu? Ile niliyoandikiwa mimi? Kurasa kumi na nne!"

"Ah, ile!" Masalu alivua miwani akajifuta macho. "Baraza zima lilisimama. Kulikuwa na ubishi kidogo, iingie jalada gani. Lakini wajumbe wakasoma tena, wakaona asilimia tisini inamhusu kijana wa bamia. Mtu akionewa wivu wa namna ile, mwanangu, unampimaje na wengine? Tukaihamishia kwake. Mizani iligonga meza."

*

Serikali ya Subirini haina uchoyo wa sherehe. Mwezi wa nane, kwenye uwanja wa Chuo, Mheshimiwa Waziri alikuja kumuaga Elifuraha, na kwa kuwa sasa mwenye wino wa zambarau alishajulikana, Baraza liliagiza naye aletwe jukwaani. Sauda alikalishwa kiti cha mbele, chenye kitambaa. Alikwishafikisha arobaini tangu Jumanne. Koti la kijivu lilikuwa limeshaletwa, lipo kwenye mfuko nyumbani, hajalifungua.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "utafiti ni uvumilivu, na uvumilivu ni kuvumilia utafiti! Tunaye mama hapa. Kwa miaka tisa, bila posho, bila usafiri, mama huyu amekuwa akifuatilia kwa karibu sana maendeleo ya mwenzake. Wangapi kati yenu mnafuatilia maendeleo ya wenzenu?"

Wahadhiri wakatazama viatu vyao.

"Kwa hiyo Serikali inamtunuku Nishani ya Jicho la Taifa, daraja la kwanza!"

Akavishwa utepe mwekundu begani. Bendi ikapiga. Elifuraha alimkumbatia huku analia waziwazi. "Dada Sauda, kumbe ni wewe ulikuwa unanipigania! Nami sikujua kitu!" Sauda akasema "Mungu azidi kukuinua," meno yote nje, na wapiga picha wakapiga picha. Ndiyo iliyotoka kesho yake ukurasa wa kwanza, yeye katikati, Waziri pembeni kidogo amekatwa sikio.

Pale chini ya jukwaa, safu ya tatu, watu wa chumba cha chai walikuwa wanapiga makofi. Lakini makofi ya safari hii yalikuwa na ubaridi. Mmoja alikuwa anauangalia ule utepe. Mwingine alimwinamia jirani yake, mdomo umebenuka kidogo.

Septemba, Bwana Masalu alimwita Barazani. Kwa kanuni, majalada yote hupimwa, hata ya waliopitwa na umri, kwa ajili ya takwimu. Alikuwa amelishika jalada la Sauda kwa mikono miwili.

"Kumi na saba," alisema. "Ndani ya wiki tatu. Sijapata kuona."

Akaliweka mizanini. Sahani ilishuka, jiwe la serikali likapanda juu. Wote wawili walikuwa wanajua kuhesabu tarehe. Masalu aliandika uzito kwenye daftari la takwimu, akapiga mhuri wa "AMEPITWA," taratibu, asije akamstua.

"Naweza kusoma?" Sauda aliuliza.

Mzee alitazama mlango, akamsogezea kiti. Sauda alikaa na koti lake la kijivu, maana alikuwa ametokea zamu, akafungua ya kwanza. "Mimi ni raia mwema." Walikuwa wameandika kwamba anajidai. Kwamba siku ya viatu virefu alikuwa ameviazima. Kwamba makala ile haipo, wameitafuta majarida yote mpaka ya ng'ambo. Mmoja alikuwa amesoma utafiti wake wa fukusi, wote, tangu wa kwanza, akaona kosa kwenye ukurasa wa sita, na kosa lilikuwa kweli. Ya tatu ilikuwa na marejeo.

Alisoma zote kumi na saba bila kuinua kichwa. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kwenda na moja nyumbani, hata ile fupi.

"Hairuhusiwi, mwanangu. Ni mali ya serikali."

"Sawa mzee," alisema Sauda. "Basi naomba nirudie ile ya tatu."